Ramani ya Swabri

Ndugu yangu Swabri kaniletea ramani kutoka Fremantle,
imekunjwa mara nane, inanukia dawa ya forodha.
Kusini iko juu. Australia imekaa kileleni
kama kofia ya bulibuli kichwani mwa asiyejua kuvaa,
na Ulaya chini kabisa, pembeni,
makombo yaliyosukumwa ukingoni mwa sinia.

Nimeitundika ofisini, Shimanzi, juu ya kabati la mafaili.
Mwakio alipoingia akaigeuza.
Nikaigeuza tena.
Hatukusemezana mpaka chai ya saa nne.

Mimi kazi yangu ngano. Siasa siijui.
Najua tani, unyevu, vidudu, na tarehe.
Lakini tarehe ina mdomo:
meli ya Bahari Nyeusi ikichelewa siku kumi na mbili
siulizi mawimbi, nauliza
nani tena kampiga nani.

Ngano ya kina Swabri haipiti mlango wa mtu.
Inatoka kwao, inakata maji, inafika Kilindini.
"Mbona basi nayo imepanda?" nilimuuliza kwa simu,
kwangu alasiri, kwake saa tatu za usiku.
"Dada," akasema, "meli haipiti Babul-Mandab,
lakini bei hupita."

Huko anaendesha winchi. Anapakia mawe mekundu ya chuma
siku nzima, kwa mnunuzi mmoja mkubwa,
na jioni redioni anasikia nchi inanunua nyambizi
za kujikinga na mnunuzi yuleyule.
"Ninyi mna methali ya fahali wawili na nyasi," ananiambia,
kama kwamba yeye hakuzaliwa Kibokoni.
"Haya, na nyasi ikiwa imemuuzia fahali mmoja chumvi
na kumkodisha mwingine uwanja?"
Sikuwa na jibu. Nilikuwa nahesabu magunia.

Anasema watu wa kule ndugu zao wako mbali
na majirani wako karibu,
na barua wanaandika mbali, na mlango wanafunga karibu.
Anasema wanaposema Mashariki ya Mbali
wanageuka kutazama kaskazini.
Mashariki ya Kati kwake ni machweo.
Kwangu mimi ni juu, kupita Lamu, kupita Mogadishu.
Sasa huyo aliyeyapa majina
alikuwa amesimama wapi, na viatu vya nani?

Jambo moja lilimshangaza alipofika:
kila mkutano, hata wa chama cha wapakiaji,
huanza kwa kuwataja wenye ardhi, wale wa kwanza,
kwa heshima, kwa sauti ya chini.
Kisha mkutano unaendelea, juu ya ardhi ileile.
Nilicheka. Halafu nikakumbuka shamba la babu kule Kikambala
na hati iliyozaliwa Nairobi,
nikaona sisi hata kutajwa hatutajwi.
Kicheko kikanikauka.

Mishi Mwinyikai hutuletea mahamri.
Bei hajapandisha, kapunguza hamri;
siku hizi unalimeza kama kidonge.
Alisimama mbele ya ramani, beseni kiunoni.
"Ngano yangu inatoka wapi hapa?"
Nikamwonyesha juu. Nikamwonyesha na chini,
zile bandari zenye moshi.
Akazitazama kitambo. "Basi igeuzeni
upande wowote wenye unga wa bei rahisi,
mimi shingo itazoea."

Ijumaa msumari mmoja ulilegea.
Ramani imelala ubavu, mashariki juu,
na hakuna aliyeinuka kuitengeneza, si mimi si Mwakio.
Hivi ilivyo, Swabri yuko juu kabisa
na mimi chini, karibu na swichi ya taa,
na kati yetu hakuna nchi,
ni maji tu, mapana,
ambayo mimi na yeye, kila mtu kwao,
tunayaita ya Wahindi.