Masahihisho ya Kilo Mbili

Katika taarifa yetu ya Jumanne, saa moja na dakika tano jioni,
tulisema Somoe Nangumbi, karani wa ghala la Namkuku,
huwapunja wakulima kilo mbili kwa kila gunia.
Tulikosea jina.
Redio inaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza.

Sekunde kumi na moja. Nilizihesabu mwenyewe studio,
kisha fundi mitambo akafungulia tangazo la salfa.

Usumbufu uliojitokeza.
Kana kwamba ulichipua wenyewe, kama uyoga.
Kana kwamba mimi, Mfaume Likanga, sikuketi Newala
kwa muuza uraka, daftari gotini,
nikaambiwa na mtu mmoja, mmoja tu,
"Nangumbi, nani mwingine?" nami nikaandika,
nikalipigia jina mstari, mara mbili,
kwa sababu simu ilibakiwa na chaji asilimia sita
na mhariri alikuwa anauliza habari iko wapi.

Kina Nangumbi Namkuku wako saba.
Wawili wameshika mizani ile msimu mmoja.
Ningeuliza: yupi?
Neno la herufi nne.

Hadi saa tatu usiku ilikwishapita simu kwa simu,
kilo mbili zimekuwa tano,
na huko Masasi mama wa watu ameshatiwa pingu.

Nilikwenda Alhamisi kwa bodaboda,
vumbi jekundu mpaka kwenye kope,
ukungu bado umelalia mikorosho.
Nilikuwa na hotuba. Niliipanga njiani:
kwanza chanzo, kisha muda, kisha presha ya kazi.

Alikuwa anamenya ming'oko.
Hakunikaribisha, hakunifukuza.
Alisema, "Redioni una sauti nene zaidi."

Kisha akanisomea hasara, polepole, kama anayesoma stakabadhi:
jirani ambaye haji tena kuomba chumvi.
Foleni inayohamia upande wa pili akiishika mizani yeye.
Mjukuu, darasa la tatu, wanamwita Kilo Mbili;
jana alijificha chooni mpaka kengele ya kutoka.

Nikauliza kama aliyasikia masahihisho.
"Nilisimuliwa," akasema. "Jirani huyohuyo alipita mbio:
Somoe, wamekutaja tena."

Hotuba yangu ikaishia hapo.

Babu yangu alitunga mashairi. Alihesabu mizani kwa vidole,
nane na nane, na silabi ikizidi halali.
Haya ninayoandika hayana mizani.
Nimeiacha kusudi,
nisije nikalipamba kosa likapendeza.

Kabla sijaondoka alinipeleka ghalani, bila kusema kwa nini.
Nyuma ya mlango kuna jiwe, limepakwa chokaa.
Kila asubuhi, kabla ya gunia la kwanza, hulipandisha.
Kilo kumi na nne na nusu. Likisoma vingine
hapimi mtu, hata wapige kelele,
hata lori la mnada likiunguruma nje.
Akalipandisha. Likasoma kumi na nne na nusu.
Akalirudisha. Akafuta mikono kwenye kanga.
Nilingoja aseme neno, nilinukuu.
Hakusema.

Sasa ni Jumamosi. Kilo mbili bado zinapotea,
hilo nimelithibitisha: nimepimisha magunia tisa
kwa mizani ya ghala, na tena kwa mizani ya mashine ya kusaga.
Nimeuliza watu wanne.
Watatu wametaja jina moja, kila mmoja kwake, mlango umefungwa.
Wa nne alitazama paa, akasema mvua inachelewa.

Mhariri amepiga mara mbili. Wengine wanaitangaza tayari,
ananiambia, tutakuwa wa mwisho.
Bado, nimemjibu.
Huyo Nangumbi wa pili sijamuuliza yeye mwenyewe.
Yuko shamba, anarudi kesho baada ya adhuhuri.

Jina lake ninalo hapa, ukurasa wa kushoto,
kwa penseli.
Sijalipigia mstari.