Baada ya Taa Kuwaka

Łódź, Februari. Theluji imegeuka tope.
Tumetoka sinema wanawake wanne
wenye magoti mabovu sita kati yetu,
tumevuka reli za tramu tumeshikana mikono
hadi mkahawa wa pembeni, ule wenye kengele mlangoni,
na kabla makoti hayajavuliwa
Genowefa amekwisha kutoa hukumu:
"Uongo. Tangu jina la filamu
hadi jina la mpiga filimbi."

Chai ikaja katika glasi, na limau.
Wiesława, yeye, bado yumo ndani ya picha.
"Lile gauni la manjano, mliliona?
Pale alipopanda juu ya mtambo
akazunguka mara tatu, na pindo likamfuata kama..."
Maneno yakamwishia. Akachora duara hewani kwa kijiko,
tone la chai likaangukia kitambaa cha meza.

"Juu ya mtambo!" Genowefa akarudia.
"Miaka thelathini na moja nimesimama mbele ya mtambo, Wiesia,
sikuwahi kuona mtu akicheza juu yake.
Urszula aliusogelea tu, na nywele zimefumuka.
Unakumbuka."
Tunakumbuka. Tulikoroga chai.

Bożena alilala. Anakiri bila haya:
usingizi ulimchukua pale msimamizi alipoanza kuuimbia mwezi,
akazinduka kwenye harusi.
Hata hivyo ana maoni, tena marefu kuliko ya wote.
Sauti ya msimamizi ilikuwa tamu mno
kwa mtu anayekata mishahara.
Mvua ilinyesha bila kumlowesha yeyote.
Na yule mama mkwe, kwa nini hakupewa wimbo?
"Umemwota," Wiesława akasema.
"Hakukuwa na mama mkwe."
Tukacheka hadi msichana wa kaunta akageuka.

Mimi nilisema niliupenda mwanzo,
kabla muziki haujaanza: ukumbi mtupu, vumbi la pamba
likielea katika mwanga wa dirisha.
Hilo walilipatia.
Ninalo bado kifuani, daktari amelipiga picha.

"Lakini kuimba!" Genowefa hakuwa amemaliza.
"Nani angemsikia nani?"
Kweli. Mle ndani ngurumo ilikuwa ukuta.
Tulisema kwa midomo, pasipo sauti,
tukiyatanua maneno usoni
kutoka safu hadi safu:
mtoto ana homa. Nikopeshe hadi Ijumaa.
Bwana wako huyo ni mbwa.
Posa ya Bożena niliisoma nikiwa mita ishirini,
kabla mama yake hajaisikia.
Aliyetoka mle na masikio mazima hayupo.
Mpaka leo tunakaa safu ya mbele
na bado Wiesława ananigusa kiwiko: amesema nini?

"Pengine ndiyo maana wanaimba," akasema sasa,
polepole, kama anayehesabu nyuzi.
"Wametupa sauti."
"Wametutupa," Genowefa akamsahihisha,
silabi moja tu zaidi,
akaweka sarafu zake mezani, kamili, akavaa kofia.

Tulimsindikiza kituoni kwa mabishano yale yale.
Tramu ikaja, milango ikajifunga.
Akakaa dirishani, mkoba magotini,
akafuta ukungu wa kioo kwa glavu,
akatutazama, na midomo yake ikaanza
ile kazi ya zamani, kwa upana, bila haraka.
Wiesława hakuwa na miwani.
"Anasema nini? Anatutukana?"
Nilimsomea neno kwa neno,
tramu ikiwa imeshaanza kuondoka:
Jumanne. Saa kumi. Tiketi juu yangu.
Mwambieni Bożena anywe kahawa kwanza.