Mita ya Barabara ya Kumi na Tatu

Ngamiani mitaa haikupewa majina, ilihesabiwa.
Ya Kumi na Mbili hugawika kwa kila mpita njia;
ya Kumi na Tatu hukataa, na ndiko aliko Bi Mwantumu,
ambaye majirani humwita
kwa neno lile lile tulilofundishwa Galanos: tasa.

Nikafuta vumbi kwenye kioo cha mita yake ya maji.
Elfu saba mia tisa kumi na tisa.
Nikachuchumaa, kalamu sikioni, nikaijaribu:
kwa tatu, yabaki mbili. Kwa saba, mbili.
Kumi na moja, kumi. Kumi na tatu, mbili tena.
Nikapanda hadi themanini na tatu. Imegoma.
Themanini na tisa mara yenyewe huizidi kwa mbili,
sikuwa na haja ya kufika huko.

Isome kinyumenyume, mara ina wana:
kumi na saba,
na mia tano arobaini na moja,
nao tasa wote wawili.

"Unasali au unasoma mita?"
Namba yako, bibi, haigawiki.
"Basi bili nitalipa peke yangu," akacheka,
akafungua bomba aoshe mchele.

Kigurudumu kikajikuna, kikageuka:
elfu saba mia tisa ishirini.
Mbili, tatu, tano, nane, tisa, kumi na moja
wakaingia bila hodi;
saba tu kasimama mlangoni.

Daftarini nimeandika ile ya kwanza.
Uniti moja. Ofisi wataidai mwezi ujao.