Upana wa Jina

Saa nne asubuhi, zahanati ya Tononoka.
Feni yazunguka kama inayotafuta ilichokisahau,
na Mishi wa mapokezi, leso mabegani,
asoma vichwa vya madirisha kwenye kioo cha kompyuta,
aita: "Mwana…"
Wakainuka wanawake watano.

Mwanamvua wa Kisauni, mguu na bendeji.
Mwanahawa, aliyesahau kwamba mgonjwa ni mjukuu wake, Idi.
Mwanakombo. Mwanaidi.
Na Mwanasiti Hamadi Mwakutunza,
ambaye kadi yake imejaa hadi pambizoni.
Wakatazamana, wakacheka.
Mwanakombo hakucheka:
juzi alipewa dawa za mwenziwe,
akazirudisha kwa miguu yake.

Mishi akanipigia simu.
"Wewe ndiwe fundi wa hivi vidirisha?
Njoo uone ulivyotukata."

Kweli nilikata.
Nilipoiandika programu ile, usiku, Majengo, stima ikienda ikirudi,
nilimpa kila mtu dirisha la upana mmoja,
na mbele ya jina nikabandika "Faili la mgonjwa:",
maneno matatu yaliyojitanua
kama mgeni aliyewahi karamu na kukalia mkeka wote.
Mwenye nyumba akabaki mlangoni
na nukta tatu mkononi.

Nikavuta kiti, nikafungua msimbo.
Kwanza nikahesabu herufi. Makosa.
Herufi hazilingani:
m ina mabega, w vilevile,
i hupenya uchochoro bila kugeuka ubavu.
"Idi" ni tatu, "Mwa" ni tatu;
walaze, uone nani ataka kitanda kikubwa.

Basi usihesabu. Pima.
Iulize mashine: kwa hati hii, kwa wino huu mzito wa kichwa,
jina hili likinyooka lafika wapi?
Ongeza pumzi kidogo kushoto.
Kulia, viachie pao vitufe vitatu,
cha kukunja, cha kutanua, cha kufunga,
nao ni wakazi.

Nikajaribu. Mwanamvua akaenea, raha mustarehe.
Akaja Idi:
dirisha likamnywea hadi likawa tundu la ufunguo,
vitufe vikamkalia kichwani.
"Na huyu je?" akauliza Mishi.
Nikaweka kipimo cha chini.
Mwenye jina fupi naye ana viwiko.

Kisha Mwanasiti, na ukoo wake nyuma yake.
Dirisha likatanuka, likatanuka, likatoka nje ya kioo.
Hamadi yumo;
Mwakutunza kaishia ukutani.
Hapo nikakwama.
Kioo hakiongezeki kwa huruma.

Mishi aliinuka kufuata faili la karatasi,
na mgongoni mwake, katikati ya mji wa leso,
nikasoma kisanduku:
SINIKATE JINA LANGU NAMI NINA KWETU.
Aliyechapa hakumega neno.
Alikirefusha kisanduku kukaribia pindo,
na nguo ilipomkatalia
akapunguza mwili wa herufi,
si idadi yake.

"Waangalia nini mgongoni mwangu?"
"Jina."
"Ni leso ya mamangu. Fanya kazi."

Nikafuta "Faili la mgonjwa:".
Nani kwenye benchi lile hajui kwamba ni mgonjwa?
Nikaandika: likigusa ukingo wa kioo, hati ipungue
kidogo, kisha kidogo tena;
nukta tatu zisije ila nimezikubali mimi,
kwa mkono wangu, nikiona haya.

Mishi akavaa miwani, akavuta pumzi:
"Mwanasiti Hamadi Mwakutunza!"

Akainuka mmoja,
polepole, akiweka sawa buibui.
Wale wengine hawakugeuka,
walishafika kwenye bei ya nazi.
Idi akaomba maji.