Karanga Iliyotafunwa

Kiswahili changu nilikiokota kambini,
maneno mafupi: simama, lala, beba, kimya.
Mungu naye nilimjua kwa lugha hiyo hiyo,
Afande mkuu mwenye daftari la makosa,
asiyesinzia kwa sababu anatuvizia.

Sasa nina miaka sitini na mbili, hapa Onduparaka,
vyumba viwili, goti moja zima,
na wajukuu wawili niliokabidhiwa alfajiri
kwenye kituo cha basi pale Arua,
pamoja na begi la nguo na kadi za chanjo.
Mama yao, Candiru wangu, yuko Muscat
anaogesha watoto wa watu.
Candiru, kwa lugha yetu, ni tabu.
Mimi nilimpa jina la tabu,
yeye akanirudishia Ayikoru, furaha,
yenye miaka mitatu na inayokojoa kitandani.

Usiku wa kwanza niliwapanga mstari.
Nikasema: sheria ya kwanza.
Afeku, mwaka na nusu, akanipita
akaenda kuvaa buti langu,
miguu yote miwili ndani ya buti moja,
akaanguka, akacheka.
Sheria ya pili hadi leo haijasomwa.

Nimejifunza mambo ambayo hayana kozi.
Uji ukiupa mgongo, unafurika.
Nywele za mtoto huanziwa nchani,
na mkono wa pili unashika shina
ili mvuto wa kitana uishie kiganjani mwako,
usifike kichwani.

Juzi Ayikoru alinipiga mwiko, hapa, juu ya jicho,
kwa kuwa nilimnyima kisu.
Alipoona damu akaogopa, akapiga yowe,
akakimbia. Wapi? Kifuani pangu.
Kwa huyu huyu aliyempiga.
Nilimshika, damu ikimdondokea begani,
nikakumbuka mambo yangu ya porini
ambayo padri wa Ediofe hajayasikia,
miaka yote hii nikimkwepa Yule niliyempiga,
nikitafuta kifua kingine.

Halafu ile karanga.
Niliinunua mimi, mia tano kikopo,
nikaikaanga mimi, nikaimenya mimi.
Afeku akaitafuna nusu, akaitoa mdomoni,
ikaanguka, akaiokota na mchanga wake,
akaninyooshea: Babu, shika.
Uso wake! Kama mtu anayegawa ufalme.
Nikaila. Haki ya Mungu, nikaila yote,
nikawaza sadaka zangu, rozari zangu za haraka haraka,
vyote nilivyowahi kupeleka juu
vikiwa na mate yangu.

Mwezi wa tano homa ilimshika msichana.
Saa nane za usiku, mvua, simu haina chaji,
kitambaa kinakauka kabla sijakikamua.
Nikajisikia nasema kwa sauti:
Nipe mimi. Huyu mwache, nipe mimi.
Mimi, ambaye kazi yangu ilikuwa
kuhakikisha ni yule mwingine.
Nikanyamaza ghafla, kitambaa mkononi.
Maneno yale sikuyatunga mimi.
Yalikuwa na sauti ya mtu
aliyekwisha kuyasema, na akachukuliwa kwa neno lake.

Kulipokucha tulikuwa zahanati. Akapona.
Wa jirani, wiki ile ile, hakupona,
na hilo sijui nilipeleke wapi.
Sisemi nimeelewa. Nasema ninafua mashuka.

Ila usiku, kabla sijazima taa,
naweka vidole viwili chini ya kila pua,
nasubiri kile kipepo cha joto.
Mmoja, yupo. Wa pili, yupo.
Wao hawajui. Hawatajua kamwe.
Na mimi nalala nikijiuliza
ni vidole vya nani vilivyosimama chini ya pua yangu
kwenye mahandaki yale, usiku hadi usiku,
nami nimelala na bunduki, nikidhani
ninayelinda ni mimi.

Uji. Nasikia unafurika.