Daftari la Mukbil

Baba alikuwa na macho ya kupimia, si ya kusomea,
kwa hiyo daftari la madeni niliandika mimi,
miaka tisa, penseli ya kijani,
dukani kwetu Taiz, kichochoro kinachopanda mlima.

Ukilifungua mwanzo utadhani ni la harusi:
Nyumba ya Ghalib, mchele, gunia.
Nyumba ya Ghalib, samli, debe.
Funua. Gunia linakuwa kilo.
Kilo inakuwa kikombe.
Mwaka wa tatu wa vita niliandika kijiko,
sukari, kijiko kimoja, wadaiwa nyumba mbili,
maana baba aliniambia
hata kijiko kina nusu.

Mizinga ilianza baada ya alasiri.
Tuliijua kwa mlio ni ya upande gani,
kama wengine wanavyoijua honi ya muuza gesi.

Siku moja ya Shaabani
akaja kijana wa hawala na bahasha,
na maneno nyuma ya risiti, yametafsiriwa kwa mwandiko wa haraka:

Nasafisha mabehewa ya treni, Malmo, zamu ya usiku.
Sina jamaa kwenu.
Bibi yangu alilishwa na watu asiowajua.
Futa kurasa zitakazotosha. Usinitajie majina.

Baba aliigeuza risiti ile
kama mtu anayetafuta mwiba ndani ya samaki.
Naye alikuwa akidaiwa, na mwenye ghala wa Ibb,
mtu asiyecheka.
Angeweza. Nani angejua?
Akanitazama. Akasema, "Soma."
Nikasoma, Nyumba ya...
"Si majina. Soma vitu."

Maziwa ya unga, kopo.
(Pacha wa kichochoroni walikuwa kwa mama mmoja tu.)
Unga, kikombe. Unga, kikombe. Unga, nusu.
Betri za redio mbili, tumbaku.
Hapo akanisimamisha.
Mwenye betri tulikuwa tumemzika, arubaini ilishapita.
"Tuanze na huyu. Huyu anangoja mlangoni."
Mama, nyuma ya pazia: "Maiti hali mkate, Mukbil."
"Deni linamla yeye."
"Na njaa inawala wale."
Wakabishana hadi taa ikaisha mafuta,
na mafuta nayo yalikuwa ya mkopo.

Walifuta kurasa kumi na moja.
Ya marehemu ilikuwa ya kumi na moja.

Asubuhi akaja Taqiya, yai moja ndani ya ncha ya mtandio,
aje apunguze.
Tukamwambia ukurasa wake haupo.
Akakaa juu ya bati la biskuti.
"Nani?"
Hatujui.
"Ana watoto?"
Hakusema.
"Anasali?"
Hakusema.
Akakasirika, Taqiya ambaye hakukasirika
hata siku paa lake lilipoondoka.
"Sasa huyu nitambeba vipi?
Deni la Mukbil nalijua uzito wake, limepimwa.
Hili halina kilo!"

Akaliweka yai kwenye mizani.
Mizani ikainama kidogo, kwa adabu.
"Andika, mtoto."
Niandike nini?
"Yai, moja. Limetoka kwa Taqiya.
Linakwenda nyumba isiyotajwa."

Daftari letu halikuwa na mahali pa hayo.
Lilikuwa na safu ya waliochukua tu.
Nikaligeuza, chini juu,
nikaanzia ukurasa wa mwisho.

Yai mama alilipeleka mwenyewe, chini ya baibui,
kabla ya alasiri.
Mlango gani, hakutuambia, wala hatukumwuliza.

Ghala la Ibb lilichukua meza, kisha mizani.
Daftari ninalo.
Mbele, kurasa zilizofutwa, na nyingine nyingi zisizofutwa.
Nyuma, mwandiko wangu umepinda:
njiti za kiberiti, saba.
Chumvi, kijiko.
Sufuria, ya kuazima, irudi Jumatano.
Kwa nyumba isiyotajwa. Kwa nyumba isiyotajwa.
Katikati pamebaki karatasi nyeupe.
Sijazihesabu.