Robo Mzunguko

Wande ameisukuma pikipiki mpaka gereji,
gurudumu la mbele linachechemea.
Mwamba, anasema. Kule kwenye shimo la kokoto, nyuma ya reli,
mwamba mweusi uliojificha chini ya theluji ya Aprili
kama deni.
Goti lake limechubuka. Halizungumzii.

Sudbury, saa moja jioni, jua bado lipo juu ya bomba la kiwanda cha nikeli.
Zamu yangu ya ghala inaanza saa nne.
Tununue ringi mpya, Baba. Dola mia mbili themanini.

Mia mbili themanini!
Mimi niliyenyoosha ringi za baiskeli Kahama,
ringi zilizobeba mpunga, mkaa, mgonjwa na shuka lake,
ringi zilizojikunja zikawa namba nane,
kwa jicho, kwa jiwe, kwa shilingi mia tano?

Basi tairi tumelivua.
Tyubu ina matundu mawili, sambamba, kama ya soketi ya ukutani.
Jirani, Réjean Paquette, ametuazima gogo na nyundo ya mpira,
na kurudi ndani bila kuuliza.

Nagonga.
Alumini si chuma. Chuma hugomba, kisha hukubali.
Alumini hunyamaza tu, hujui imekusikia au imenuna.
Samaki mkunje angali mbichi, walituambia;
namna ya kumkunjua hawakusema.

Nimefunga kamba ya plastiki kwenye mguu wa shokapu,
ncha yake ikiukaribia ukingo. Nazungusha.
Tak. Kimya. Tak.
Panapogusa, legeza upande huu, kaza ule.
Robo mzunguko, Wande. Si nusu.
Robo, uzungushe, utazame.
Spoki thelathini na sita, anazipiga kwa kucha moja moja:
hii inalia, hii inalia,
hii imekufa.

Saa tatu kasoro, kamba haigusi tena.
Nimejifuta mikono polepole, kama mtu anayepigwa picha.

Baba, anasema, ameinamisha tochi ya simu.
Huu ni unywele?

Si unywele.
Umeanzia kwenye tundu la spoki ya kumi na tisa
ukapanda kidogo, ukasimama, kana kwamba unasubiri tuondoke.

Ningeweza kusema ni mkwaruzo.
Nimewahi kusema ni mkwaruzo:
Kahama, asubuhi ya gulio, kwa Masunga wa mikate,
ana haraka, nami nina haraka zaidi.
Alirudi kwa miguu, meno mawili kwenye kiganja,
mikate yote ina mchanga.
Hakunidai hata senti.
Hilo ndilo ambalo mpaka leo sijamaliza kulipa.

Nimetoa kadi.
Wande ameandika vipimo, inchi ishirini na moja, matundu thelathini na sita,
na hakusema nilikwambia.

Jumamosi ringi mpya ipo mapajani mwangu, nyeusi, inanuka boksi.
Tunasuka: chini, juu, chini,
yeye anashika, mimi napitisha,
halafu, sijui ni saa ngapi, mimi nashika na yeye anapitisha.
Tunakosea tundu moja. Tunafumua zote.

Réjean amekuja kuiomba ile ya zamani,
maharage yake yapate pa kutambaa.
Nimemuonyesha ufa kwanza.
Maharage, amesema, hayaendi mbio.

Spoki mpya husema uongo siku ya kwanza, nimemwambia Wande.
Zinajifanya zimekaza. Endesha dakika kumi, urudi, tuzikaze tena.
Amevaa kofia. Amekwenda.

Nimekaa juu ya kreti, spana ya spoki mkononi.
Dakika ya saba.
Sauti ya injini inaingia nyuma ya mwamba,
inatoka,
inaingia.